Kucheza ni Jambo Moja, Kutunga ni Jingine

Katika ukumbi wa Kaloleni, mjini Arusha, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Arusha mnamo Januari 1967. Azimio lilifundisha kwamba pesa si msingi wa maendeleo. Pesa ni matunda ya juhudi na maarifa ya watu. Leo ukumbi huo ni makumbusho, na mitaani jirani wapo vijana wanaotamani kutunga michezo ya kompyuta. Kilio chao ni kimoja: hatuna mashine, hatuna fedha.

Kilio hicho hatukidharau. Lakini twawakumbusha habari za Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu hata akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kijana alitembea saa tatu kwenda kuitia umeme, akajifundisha mwenyewe, akatunga Salaam, mchezo unaohimiza amani.

Basi, ndugu vijana, mashauri yetu ni haya. Kwanza, kupenda kucheza si kujua kutunga. Mchezo ni kanuni na hesabu, kama ajuavyo kila mzee achezaye bao. Anayekimbia hesabu anakimbia kazi yenyewe. Pili, anzeni na mchezo mdogo, mkaumalize. Programu za Scratch na Godot hutolewa bure. Tatu, shirikianeni: mmoja achore, mwingine aandike programu, wa tatu atunge muziki. Nne, msiache shule. Wanaopata riziki kwa michezo peke yake ni wachache, bali maarifa hayo hayo yatakiwa benki, hospitalini na viwandani.

Nasi watu wazima tusijifanye hatuna deni. Kijana akiinamia kompyuta, twamwita mvivu kabla ya kumwuliza anafanya nini. Maofisini kompyuta kuukuu zajaa vumbi, na vyumba vyenye umeme hufungwa jioni, saa ambayo mwanafunzi amepata nafasi. Twawaomba viongozi wa matawi na wafanyakazi wenye ujuzi wavifungue vyumba hivyo na kuwafundisha vijana, japo jioni moja kwa juma.

Tukishindwa hata hilo, tusiwalaumu watoto wetu watakapobaki wanunuzi wa michezo iliyotungwa na wengine.