Nyumba ya dende ndani ya pipa la plastiki

Tangu benki nyingi za Goma zilipofunga milango mwisho wa Januari 2025, wengi kati yetu tumerudia akiba ya zamani: dende, wale wengine wanaita simbilisi au kobaye. Mbuzi anataka nafasi, na kila mpita njia anamwona. Dende anakaa nyuma ya kitanda. Jike anabeba mimba siku 68 hivi, mara nyingi anazaa 2 au 3, na watoto wanatoka na manyoya na macho wazi. Akiuzwa mmoja, kuna daftari na sabuni. Wakiuzwa kumi, kuna kipande cha minervali.

Lakini mara nyingi tunasikia: wamekufa usiku, ni ugonjwa. Tukienda kuona, tunakuta panya wamepita, au wanyama wamefungiwa mahali pasipo na hewa. Kwa hiyo leo tuongee juu ya nyumba yao.

Mbao ni ghali na zinanyonya mkojo. Plastiki inaoshwa. Tena dende si paka: hapandi, wala haruki sana, ukuta wa sentimita 40 unamtosha. Bora kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni lile pipa la buluu la litre 200, likipasuliwa kwa urefu. Unapata nyumba mbili, na zote mbili utazihitaji, tutaona kwa nini. Bido la njano la litre 20 ni dogo mno kwa familia ya dende. Na jamani, usikate bido zima la maji! Tunajua sote maji ya Goma yanatafutwa namna gani. Kata lile lililopasuka, toboa mlango, uligeuze chini juu ndani ya pipa: hapo ndipo mama atajificha akizaa.

Kabla ya kulipa, uliza pipa lilibeba nini. Mafuta ya kula, hakuna neno. Dawa ya shamba au asidi, liache hata kwa nusu bei. Muuzaji asiyejua, mwache na pipa lake.

Chora mstari kwa kaa la makala, kata kwa msumeno. Kisu cha moto kinakata haraka, lakini moshi wa plastiki ni mbaya kwa kifua. Ukingo uliokatwa usugue kwa jiwe la volkano mpaka uwe laini, maana dende anaguguna kila kilicho kikali, na watoto wetu wanaingiza mikono humo kutwa nzima. (Wakishawapa dende majina, siku ya sufuria itakuwa na machozi. Tumewaonya.)

Sasa hewa. Plastiki inatoka jasho, na usiku wa Goma ni baridi. Pasha msumari kwenye mbabula, ukiwa nje ya nyumba, utoboe safu ya matundu chini kidogo ya ukingo, na mengine machache sakafuni ili mkojo utoke. Yasipite unene wa kidole kidogo: panya mchanga hahitaji mlango mkubwa, na anakula watoto wa dende. Juu weka fremu ya mbao yenye wavu wa waya wa matundu madogo. Usifunike kwa bashi, hata mvua ikinyesha. Sogeza pipa chini ya paa. Liinue juu ya mawe manne ya lava, lisibingirike, likae mbali na jua na mbali na mbabula.

Ndani, wengine wanamwaga kokoto za volkano kwa kuwa ziko kila mahali. Sisi hatuzipendi, zinakata nyayo. Maranda ya seremala au majani makavu, unene wa kiganja, yanasawazisha ule mviringo wa pipa vizuri zaidi. Badilisha mara mbili kwa wiki. Kipimo ni pua yako: asubuhi inama mpaka usawa wa sakafu yao. Macho yakiwasha, basi wao wamevuta hewa hiyo usiku kucha.

Nusu moja inatosha dume mmoja na majike watatu. Nusu ya pili ni ya madume wadogo, wakitimiza wiki tatu. Ukichelewa watapanda dada zao na mama yao, na jike anayebeba mimba akiwa bado mtoto anaweza kufa akizaa.

Majani mabichi kila siku, maana dende, kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C. Matembele ni mazuri. Majani ya nyanya na ya viazi ulaya, hapana, yana sumu.

Jumamosi, baada ya likelemba, tutapasua pipa moja pamoja. Msumeno tunao mmoja tu. Mwenye wa pili aulete.