Kaktasi mpya? Ichunguze kabla ya kuipanda

Kama unaishi Kalimoni au popote pale kati ya Ruiru na Thika, bila shaka umewaona wauzaji wa miche waliopanga bidhaa zao kando ya barabara. Miongoni mwa mawaridi na miparachichi hapakosi kaktasi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja huzipenda kwa kuwa hazidai maji kila siku, nao wakaazi wa nyumba za ghorofa huziweka dirishani. Taabu ni kwamba mmea wenyewe huuzwa bila jina. Muuzaji atakwambia ni kaktasi, basi.

Lakini si kila chenye miba ni kaktasi. Asili ya kaktasi ni bara la Amerika. Hapa kwetu Afrika tuna jamii ya mnyaa, ule mmea ambao Wakikuyu huuita kariaria na kuupanda uwe ua wa boma. Baadhi ya ndugu zake wana pembe na miba, na humdanganya hata mkulima hodari. Tazama mahali mwiba unapochomoza. Kaktasi ina kidoa chenye manyoya laini, na miba hutoka humo kwa kundi. Jamii ya mnyaa haina kidoa hicho, na miba yake aghalabu huwa miwili miwili. Tena ukijeruhiwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Zipo kaktasi chache zenye utomvu wa namna hiyo, kwa hivyo kidoa ndicho ushahidi.

Hapa tusifanye mzaha. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huunguza vibaya, na mtu anaweza kupotewa na uwezo wa kuona kwa muda. Osha jicho papo hapo kwa maji safi mengi, robo saa hivi, kisha nenda hospitali. Mwenye watoto wadogo nyumbani afadhali asiununue kabisa.

Kaktasi bapa kama sahani ni mpungate. Vimiba vyake vidogo ni kama vumbi, na vikiingia kidoleni utavitafuta siku nzima. Usitupe kipande chake kichakani, maana huota. Laikipia mpungate umevamia malisho, na mifugo inayokula matunda yake huumia midomo na matumbo. Ile yenye kichwa chekundu au cha manjano juu ya shina la kijani ni mimea miwili iliyounganishwa. Kichwa hakina ukijani wa kujitengenezea chakula, kwa hivyo ukikikata ukipande peke yake kitakufa. Na lile ua kavu lililobandikwa kileleni kwa gundi mimi huliita ulaghai.

Ukiifikisha nyumbani, itenge na mimea mingine kwa majuma mawili, mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali. Chunguza mikunjo yake kama ina wadudu weupe mfano wa pamba. Wafute kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti.

Sasa udongo. Ule mweusi wa mfinyanzi ulioenea upande wa Juja hushika maji na kuozesha mizizi. Changanya kopo moja la udongo wa bustani, moja la mchanga mnene wa mto na moja la kokoto ndogo. Chungu kiwe na matundu chini, na kizidi mizizi kwa upana wa vidole viwili tu. Kunja gazeti la zamani liwe kama mshipi, uzungushie mmea na kuuinua bila kuchomwa. Kung'uta udongo wa zamani, kata mizizi iliyooza kwa kisu safi, kisha panda kwa kina kile kile cha awali.

Usimwagilie maji siku hiyo! Subiri juma moja vidonda vya mizizi vikauke. Baadaye mwagilia udongo ukikauka hadi chini, na wakati wa baridi ya Julai punguza zaidi. Shina likianza kulainika chini, usingoje. Kata juu ya sehemu iliyooza mpaka uone nyama safi, weka kipande kivulini hadi kidonda kigande, ndipo ukipande upya katika mchanganyiko mkavu.