Mtumishi Asiyetoa Siri ya Nyumba

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu walitanguliza sitara, kisha ndipo wakaja kwenye pambo. Mgeni wa kawaida aliishia dakani, kwenye baraza za mawe zilizo mlangoni. Njia ya kuingilia ilipindwa, ili mpita njia asione kiwandani hata mlango ukiwa wazi. Vyumba vya ndani kabisa vilikuwa vya wenyewe. Kila mtu alijua mwisho wa hatua zake, na mwenye nyumba hakuwa na haja ya kumzuia yeyote.

Siku hizi ukuta huo hutobolewa bila nyundo. Kamera ndogo hununuliwa dukani na kuwekwa sebuleni ili mtoto mchanga aangaliwe. Mara nyingi picha zake husafiri kwanza hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo, ndipo zirudi kwenye simu ya mama aliye jikoni. Mama huyo yumo nyumbani mwake, hana buibui wala mtandio, naye anaamini kwamba hakuna amwonaye.

Hofu hii ina msingi. Mwaka 2023 tume ya serikali ya Marekani inayolinda haki za wanunuzi iliishtaki kampuni ya kamera ya Ring, iliyo mali ya Amazon. Katika mashtaka hayo ilielezwa kwamba mfanyakazi mmoja alitazama maelfu ya picha za video za wateja wanawake, zilizonaswa na kamera zilizowekwa mahali pa faragha kama vyumba vya kulala na bafu. Shauri hilo lilimalizwa kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 5.8. Fedha zilirudi kwa wateja. Sitara iliyokwisha kuvunjwa hairudi.

Hatuwaambii wasomaji wetu watupe kila kifaa. Tunachosema ni kwamba, ikiwa nyumba itapewa mtumishi wa umeme, basi mtumishi huyo na aishi humo humo ndani, asiwe na bwana mwingine nje.

Njia ipo, na gharama yake si ya kutisha. Ipo kompyuta ya ubao mmoja iitwayo Raspberry Pi, ambayo ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 kwa nia ya kuwafundisha vijana kuandika programu. Ukubwa wake unakaribia ule wa kadi ya benki. Ikitumia wati 5 mchana na usiku, kwa mwezi mzima haimalizi uniti 4 za tokeni. Ndani yake huwekwa programu ya Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Programu hii hutolewa bure, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuikagua ilivyoandikwa. Tangu mwaka 2024 imo mikononi mwa wakfu uitwao Open Home Foundation, nasi watu wa pwani twajua tofauti ya mali ya wakfu na mali ya mfanyabiashara. Mwaka 2016 kifaa cha kuendeshea nyumba kilichoitwa Revolv kilizimwa na wenye kampuni, na waliokinunua wakabaki na kisanduku kisichofaa kitu.

Kazi ya kuiweka haimshindi kijana wa sekondari mwenye utulivu. Nunueni Raspberry Pi 4 au 5, chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake, kadi ya kumbukumbu ya GB 32 au zaidi, na waya wa kuiunganisha na ruta. Kwa kompyuta nyingine, tumieni programu ya Raspberry Pi Imager: chagueni Home Assistant katika orodha yake, kisha iandikwe kwenye kadi. Tieni kadi mahali pake, unganisheni waya wa ruta, washeni umeme, na subirini. Mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa, kwani hupakua sehemu zake nyingine kutoka intaneti. Baada ya hapo, kwa simu au kompyuta iliyo kwenye mtandao wa nyumba hiyo, andikeni homeassistant.local:8123, na ukurasa wa kufungua akaunti utatokea.

Yako mambo matatu ambayo muuzaji huenda asiyataje. La kwanza, umeme ukikatika ghafla kadi inaweza kuharibika, basi wekeni betri ndogo ya akiba kwa kompyuta na ruta, na nakala ya akiba ihifadhiwe mahali pengine. La pili, si kila taa au soketi iuzwayo kwa jina la kisasa hutii amri za ndani ya nyumba peke yake. Nyingi haziwezi kitu mpaka ziulize kwa mwenye kampuni. Ulizeni kabla ya kulipa. Vifaa vya Zigbee huzungumza na kompyuta yenu moja kwa moja, kupitia kifaa kidogo cha kuchomekwa kwenye tundu la USB. La tatu, kuta nene za mawe na chokaa hudhoofisha mawimbi. Dawa yake ni kuweka soketi za Zigbee hatua kwa hatua, kwani zile zinazotumia umeme wa ukutani hupokezana ujumbe mpaka ufike.

Faida yake ni nini? Chukueni mfano wa pampu ya maji. Tangi la darini hujaa, watu wamelala, maji yakamwagika na tokeni zikaisha. Kihisi cha maji kikiwekwa panapofurikia, kompyuta huizima pampu na kutuma habari kwenye simu. Lakini kazi ya kuiunga pampu na ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, kwa sababu pampu inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko soketi ndogo iwezavyo kubeba.

Sasa tuje kwenye lililotufanya tushike kalamu. Mtumishi huyu hapeleki siri nje, ila huziandika zote ndani. Mlango ukifunguliwa saa nne usiku, huandika. Taa ya chumbani ikiwaka, huandika. Simu ikiunganishwa naye na kuruhusiwa, hujua pia mwenye simu yuko wapi. Mwenye funguo kuu husoma yote. Basi mume anaweza kumfungia mlango mwangalizi wa ng'ambo, kisha akakaa yeye mwenyewe pale pale alipokuwa, akampeleleza mkewe na watoto wake. Hiyo si hifadhi. Ni dhulma iliyobadilisha kiti. Nyumba hujengwa kwa kuaminiana, na mashine haiwezi kuijaza nafasi ya imani iliyotoka.

Kwa hiyo mume na mke wote wawili wawe na akaunti zenye mamlaka sawa. Kamera isiwekwe katika vyumba vya kulala, wala wanapokaa kina mama. Mfanyakazi wa nyumbani aambiwe kila kilichopo na kilipo, kwani Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, naye ni mtu kama sisi. Swichi za ukutani ziendelee kufanya kazi kwa mkono. Wako waume wetu wengi walio baharini na Ghuba. Haifai mama ashindwe kuwasha taa mpaka baba apige simu.

Kabla ya kununua hata waya mmoja, ketini pamoja jioni moja, wazee na vijana, mchore nyumba yenu kwenye karatasi. Kila chumba kiandikwe: nini kiwekwe, nini kisiwekwe, na nani atakayeona. Msichokubaliana, kiacheni. Na kauli ya mwisho kuhusu vyumba vya ndani iwe ya wale wanaoketi humo.