Mwenye waifai ya bure ajitambulishe

JICHO LA PWANI
Na Athman Mwinyihaji

Mpwa wangu alinipigia simu Jumanne jioni, sauti imemkauka. "Mjomba, barua pepe yangu inanikataa." Alikuwa anasubiri jibu la kazi aliyoomba. Asubuhi hiyo alipita katika soko moja la hapa mjini lenye waifai ya bure, akasimama karibu na lango ili aangalie kama jibu limefika. Simu ikamwonyesha mitandao miwili yenye majina yanayofanana, tofauti ni herufi moja. Akachagua ule wenye nguvu. Ukafunguka ukurasa wenye nembo na salamu nzuri, ukamtaka aandike anwani yake ya barua pepe na nenosiri lake ndipo apewe intaneti. Akaandika. Intaneti aliipata, jibu hakulikuta, akaenda zake. Kufika alasiri nenosiri lilikuwa limeshabadilishwa, na aliyelibadilisha si yeye.

Nyumbani kila mtu alimgeukia: nani alikutuma kuchezea waifai ya bure? Lawama hiyo mimi siikubali hata kidogo. Kijana asiye na pesa ya bando atasomea wapi barua zake? Waajiri wengi hawapokei tena bahasha mkononi, na fomu za serikali zimehamia mtandaoni. Serikali yenyewe imeahidi vituo 25,000 vya waifai ya umma nchini, yakiwemo masoko, na matatu za Nairobi zimekuwa zikivutia abiria kwa waifai kwa miaka mingi sasa. Huwezi kumwita mtu mezani, akishakula ukamcheka kwa kukiamini chakula chako.

Tena tunawatisha watu kwa hatari ya jana. Zamani hofu ilikuwa ya mtu anayetega sikio. Oktoba 2010 mtengenezaji programu wa Marekani, Eric Butler, alitoa kijiprogramu cha kivinjari cha Firefox alichokiita Firesheep. Ukikaa nacho kwenye mkahawa wenye waifai isiyo na nenosiri, uliweza kuingia katika akaunti za Facebook na Twitter za waliokaa meza za jirani. Butler alitaka kampuni zione aibu, na zilijirekebisha. Gmail tayari ilikuwa imeanza Januari mwaka huo kusimba mawasiliano yote ya kawaida, na Machi 2014 ikafunga kabisa njia isiyosimbwa. Leo anayenasa mawimbi kati ya simu yako na Gmail ataambulia maandishi yaliyovurugwa asiyoweza kuyasoma.

(Wenye barua pepe za ofisini zilizowekwa simuni na fundi miaka mingi iliyopita wasijisahau. Fungua mipangilio ya akaunti: ikiwa haikuandikwa SSL au TLS, huenda nenosiri lako linapita hewani likiwa uchi. Irekebishwe leo.)

Mwizi wa sasa havunji mlango, anabisha hodi na kuomba ufunguo. Jina la mtandao wa waifai halina hatimiliki. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuwasha waifai yake na kuipa jina la soko, la hoteli au la uwanja wa ndege. Simu nazo zina tabia ya kukumbuka: ukishajiunga na mtandao ulio wazi, kesho simu yako ikiona jina lile lile inaweza kujiunga bila kukuuliza, hata kama ni wa mtu mwingine kabisa. Na barua pepe ndiyo shina. Ukisema umesahau nenosiri la ukurasa wako wa Facebook au la akaunti ya kutafutia kazi, kiungo cha kuweka jipya hutumwa huko. Aliyeshika barua pepe ya mpwa wangu hakuhitaji kuhangaika na mengine.

Kwa hiyo maneno yangu ni kwa wenye waifai kwanza: kaunti, wasimamizi wa masoko, wenye mikahawa na matatu. Bandikeni bango lenye jina kamili la mtandao wenu, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya simu ya mtu anayewajibika. Msimwulize mtu nenosiri la barua pepe yake, kwa sababu halihitajiki kumpa intaneti, na bango liseme hivyo waziwazi. Mkichukua namba yake ya simu au ya kitambulisho, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka mumweleze mnaichukua kwa kazi gani. Na mnaponunua mitambo mipya, ulizeni ile inayosimba mawasiliano ya kila simu hata pasipo nenosiri la kuingilia. Ufundi huo ulitangazwa na muungano wa Wi-Fi Alliance mwaka 2018.

Msomaji, nawe una lako. Zima ile hali ya simu kujiunga yenyewe na mitandao iliyo wazi. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, ili mwenye nenosiri peke yake asipite. Soma barua zako kwa programu ambayo ulishaingia ukiwa nyumbani, maana hiyo kwa kawaida haikuulizi nenosiri tena. Ukiulizwa ghafla ukiwa sokoni, acha hapo hapo. Simu ikionya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, usibonyeze kuendelea. Na siku ambayo lazima uandike nenosiri, tumia bando lako japo ni dogo.

Mpwa wangu alirudishiwa akaunti yake Jumatatu iliyofuata. Barua ya kuitwa kwenye usaili ilikuwemo, na usaili wenyewe ulikuwa umefanyika Ijumaa. Nilikwenda sokoni siku hiyo hiyo kumtafuta msimamizi wa waifai ile. Walinzi wawili na karani mmoja hawakujua ni nani. Ukifika mahali penye waifai ya bure, uliza jina lake kamili na mwenyewe ni nani. Asipopatikana wa kukujibu, usijiunge.