Gunia la Mahindi Kutoka Nyumbani

Ukambani wakivuna, mabasi ya kutoka Kitui na Makueni huingia Nairobi yamebeba magunia. Zawadi ya mama haikataliwi. Hata hivyo, kabla hujayatia mahindi hayo sufuriani, yakague.

Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika sehemu hizo na jirani zake, na 125 wakafa. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, ini likashindwa kazi. Sumu ilikuwa aflatoksini, itokayo kwenye kuvu inayoota katika nafaka yenye unyevu. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe. Kulikuwa na njaa, na kwa kuhofia wezi watu walivuna mapema, wakayaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba, mahali penye joto na pasipo hewa. Si uzembe huo. Ni nani angeacha chakula cha wanawe nje?

Pengine utasema, "Nitayachemsha sana." Haitoshi. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na sufuria ya presha hufika kama 120. Presha itaua viini vingi, lakini sumu hii hustahimili joto hilo. Kukoboa muthokoi huipunguza kiasi, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye ganda, ila usitegemee kinu kiokoe mahindi yaliyoharibika. Na si lazima uione kuvu ndipo sumu iwepo.

Dawa ni kukausha. Mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Huna kipimo? Chukua chupa safi iliyokauka, itie mahindi hadi theluthi, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, utikise dakika chache kisha uiache itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Isiponata, yaanike siku moja au mbili zaidi, maana jaribio hili halioni unyevu mdogo. Anika juu ya turubai, si udongoni, na jioni uyaingize yasipate umande.

Gunia liweke juu ya vibao, mbali na ukuta. Nawe mwanafunzi unayelificha chini ya kitanda kwenye sakafu ya saruji, unyevu utapanda na kuyafikia. Ile mifuko maalumu isiyopitisha hewa inafaa sana, mradi mahindi yamekauka kwanza.

Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu, ziondoe. Gunia likinuka uvundo, usile, na usimpe jirani. Wengine huona uchungu kutupa, wakawapa kuku au ng'ombe. Kuku hufa, na ng'ombe huipitisha sumu hiyo kwenye maziwa, yale yale utakayomtilia mtoto chai asubuhi.