Mjue Mto Kabla ya Kutupa Ndoano
Anayetaka kuvua samaki aitwaye woliai (walleye) katika sehemu ya mto asiyoizoea, tuseme Mississippi karibu na mji wa Red Wing, Minnesota, aanze na maji, si chambo. Samaki huyu hapendi kushindana na mkondo; hujibanza pale maji ya kasi yanapopakana na yaliyotulia, nyuma ya mwamba au ukingoni mwa shimo, chini kabisa. Macho yake huona vizuri penye mwanga hafifu, ndiyo maana hutoka kuwinda jua likizama. Shusha ndoano yenye chubwi mpaka iguse chini, iinue kidogo, iache ishuke tena. Mkono utahisi: changarawe hugongagonga, matope hunata. Asiyejifunza hilo atabadilisha chambo kutwa nzima na kurudi mikono mitupu.