Tangawisi ni nzuri, lakini maji yake yametoka wapi?

Goma, Kivu ya Kaskazini. Mchana jua likiwaka, chupa za juisi ya tangawisi haziishi kutafutwa sokoni Virunga na kwenye vituo vya wamotari. Wamama wanatwanga mizizi, wanachuja, wanatia sukari na ndimu, wengine nanasi. Ukinywa, koo linashika moto na tumbo linatulia.

Nyumbani pia iko. Inatiwa katika chai ya asubuhi, hasa upande wa Kibumba ambako baridi haina huruma, na katika nyama ya mbuzi ili harufu ipungue. Ile iliyokaushwa na kusagwa ni kali kuliko mbichi, kwa hiyo kijiko kidogo kinatosha.

Wazee waliitumia kwa mafua, kikohozi na kichefuchefu. Kuhusu kichefuchefu, hata waganga wa hospitali wanakubali: inasaidia wamama wengi wenye mimba changa. Lakini wanaotembeza chupa wakisema inaponyesha malaria na tifoide wanadanganya raia. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe damu. Chai itamngoja.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana, nalo ni maji. Goma inajua kolera; mwaka 1994 iliua maelfu ya wakimbizi hapa, na hadi leo ugonjwa huo haujaondoka kandokando ya Ziwa Kivu. Ukali wa tangawisi mdomoni hauui vijidudu vya kolera. Juisi iliyochanganywa na maji ya ziwa yasiyochemshwa, ikatiwa katika chupa iliyookotwa, inaweza kumlaza mtu aliyeinunua kwa ajili ya tumbo lake.

Ni kweli makala ni ghali, na faida ya chupa moja ni ndogo. Hata hivyo, mizizi iliyotwangwa inaweza kuchemshwa pamoja na maji yenyewe: moto mmoja, kazi mbili. Ladha inapungua kidogo tu. Asiye na makala atie klori kwenye maji na kungoja nusu saa kabla ya kuchanganya. Mnunuzi naye asione haya kuuliza, maana muuzaji anayechemsha atajibu bila kukasirika.

Na wale wanaopita sokoni kukusanya kodi wangeweza pia kufungua bidoni na kuangalia ndani.